Kiti cha Mama Limi

Ngokolo, Shinyanga
Jumanne, 26 Agosti 2025

Baba Limi,

Salamu zote zimo humu: za mama yako, za mwanao, hata za jirani. Zangu zisubiri nimalize maneno.

Violeth, yule nesi wa zahanati yenu, alipita hapa Jumapili akienda kwao. Nilimpikia chai, na chai ikamfungua mdomo. Anasema binti wa bosi wenu, Mzee Ramniklal, amerudi kutoka masomoni, anaitwa Jinal, ana miwani mikubwa na nywele za kufika kiunoni, na amewekwa kwenye chumba cha kompyuta pamoja nawe. Meza moja, kutwa. Anasema saa nne huletwa kachori kutoka kwao, na wewe ambaye pilipili yangu ilikuwa inakuunguza tumbo, unakula mbili na kulamba vidole.

Sisemi kitu. Naandika nilichoambiwa.

Ila kile kiti anachokalia ni changu. Nilikaa hapo na mimba ya miezi saba, miguu imevimba nimeipandisha juu ya boksi la dripu, nikaipanga ile mashine tangu mwanzo mpaka kadi ya mgonjwa wa kwanza ikaonekana kwenye kioo. Wenye zahanati walikuwa wakiniona wanasema, "Mama Kijacho kamletea mumewe chakula." Tulicheka wote wawili. Tukakubaliana sifa ibaki kwako, kwa kuwa ajira ni yako na chungu chetu ni kimoja. Ukasema nije huku nijifungue, nimpeleke mama kliniki yake ya Kolandoto, na mtoto akifikisha mwaka nirudi Katoro. Limi ana mwaka na miezi minne. Anatembea na kiatu chako kimoja mkononi, anakipigisha sakafuni kama mtu anayedai haki.

Nina wivu. Sina haja ya kuupaka sukari. Nikisonga ugali nina wivu, nikimwogesha mama yako nina wivu, nikiswali nauweka pembeni kidogo, nikitoa salamu nauchukua tena.

Simu yako sitaipokea. Kwenye simu unacheka, na ukicheka mimi nasahau nilichotaka kusema. Jibu kwa karatasi, umpe Mageni, kondakta wa basi la Katoro, ndiye anayekuletea hii. Nijibu jambo moja tu: kiti changu bado ni changu?

Mkeo,
Mama Limi


Katoro
Jumanne, 2 Septemba 2025

Mpendwa Mama Limi,

Barua yako ilifika. Nilikuwa natafuta maneno mazuri ya kuijibu, ndipo likanikuta hili, na sasa sina mtu wa kumkimbilia ila wewe.

Jana asubuhi umeme ulikatika. Uliporudi kompyuta kubwa iliwaka vizuri, lakini programu ya kadi za wagonjwa ikagoma. Inasema haiioni seva ya kanzidata, ile inayotunza kadi zenyewe. Ingekuwa imekataa neno la siri ningejua pa kuanzia, lakini yenyewe inasema hakuna seva. Nimetazama orodha ya huduma za mashine mara tano, jina lake halimo. Nimewasha na kuzima mpaka Violeth ameniambia niache, nitaiua kabisa.

Kadi elfu nne zimo humo. Jumatatu ni kliniki ya wajawazito, mia na themanini, na makundi yao ya damu na tarehe za sindano zao ziko humo humo. Mzee amenipa hadi Jumamosi. Ikishindikana ataita mafundi wa Mwanza, na mimi nitafute kwingine. Nilitaka kusakinisha seva upya, nikaogopa. Nimeona nikuulize kwanza.

Kuhusu Jinal, ni mtoto wa mwajiri, anajifunza tu. Na huyo Violeth angepita kwako wiki hii angekwambia pia kwamba Mzee na bintiye waliondoka Alhamisi asubuhi kwenda Mwanza harusini, wakarudi Jumapili jioni. Siku nne nzima nilikuwa peke yangu na mashine. Kachori sikuiona hata kwa harufu. Wivu ni kidonda, mke wangu, ukiushiriki utakonda.

Mbusu Limi. Mwambie mama shikamoo.

Wako,
Salmini


Ngokolo
Jumatano, 3 Septemba 2025

Baba Limi,

Nilikuuliza habari ya kiti, umenijibu habari ya seva. Haya. Kukonda nilishakonda, kwa hiyo methali yako imechelewa.

Nakusaidia kwa sababu ya wale mama mia na themanini. Najua kukaa kliniki na mimba halafu mtu akwambie kadi yako haionekani. Wewe na meza yenu tutaonana baadaye.

Nawa mikono kwanza. Unajua nina maana gani: usiguse chochote kwa haraka, usisakinishe, usifute. Ulifanya vizuri kuogopa. Amri nimekuandikia chini kwa herufi za kuachana, na kila penye nafasi nimetia nukta ya wino mwekundu, maana wewe ukiandika kwa wasiwasi unabananisha maneno, na mashine haina huruma ya kukisia.

Ya kwanza: ps • -e

Itakuletea orodha ndefu ya kila kinachofanya kazi. Tafuta humo neno mysqld. Likiwepo, seva iko hai na tatizo ni njia ya kuifikia. Lisipokuwepo, imelala.

Ya pili: ls • /home/mwahija

Hii ndiyo muhimu. Kwenye orodha ya huduma huwezi kuiona seva kwa sababu haijawahi kuwa humo. Nilipoipanga, diski ya mfumo ilikuwa imejaa (filamu zako, unajua mwenyewe). Sasa, kila mtumiaji wa mashine ana folda yake chini ya home, ndiyo nyumba yake, na huko kulikuwa na nafasi. Basi nikaiweka seva yote, programu na data zake, ndani ya nyumba yangu, nikaiagiza iamke kwa jina langu kila mashine inapowashwa. Nilipanga niihamishe baadaye. Uchungu ukanishika kabla. Nilidhani nilikwambia, au labda nilikwambia ukiwa unacheka.

Kama seva imelala tu, tutaiamsha kwa mstari mmoja. Nijibu kesho, na hii karatasi uitunze, usimpe mtu afungie kachori.

Mama yako anasema marahaba, na anauliza kwa nini barua zako siku hizi ni fupi.

Mama Limi


Katoro
Alhamisi, 4 Septemba 2025

Mama Limi,

Nimefanya kama ulivyosema. Ya kwanza, mysqld haimo. Ya pili, mashine imejibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Folda ya mwahija haipo.

Nadhani ni umeme. Ulikatika vibaya, taa zilipepesa mara tatu kabla ya kuzimika. Labda diski imepata hitilafu.

Kuna namna nyingine yoyote? Mzee amepita mara mbili leo, anasimama mlangoni, anatazama saa, anaondoka. Sijala vizuri tangu nilipoisoma barua yako.

Salmini


Ngokolo
Ijumaa, 5 Septemba 2025

Baba Limi,

Umeme hauchagui nyumba. Ungeichoma diski, ungechoma na folda yako iliyo jirani na yangu. Yako ipo? Najua ipo, ungeshalia. Folda moja haiondoki peke yake na kuacha zingine zimekaa. Mtu ameiondoa. Mtu ametoa amri ya kumfuta mtumiaji mwahija na nyumba yake, na seva ikaenda na nyumba.

Na mtu huyo tunamjua. Kwanza kiti changu, sasa jina langu. Amefungua mashine, akakuta mwanamke mwingine yumo ndani, hakuvumilia. Baba Limi, mimi nimekaa hapa nikijiambia labda ni mtoto tu, labda Violeth anatia chumvi. Kumbe mwenzangu anafagia. Leo nimempigia Limi kelele bila kosa, akanitazama na kile kiatu, nikakaa chini nikalia.

Lakini kazi kwanza. Unaikumbuka ile kompyuta ndogo kuukuu chini ya kabati la dawa? Kubwa niliiita Kulwa, na hiyo ndogo Doto. Kila jioni saa mbili Kulwa humtumia pacha wake kopi ya kadi zote. Hilo sikumwambia mtu kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Fungua Doto, ingia kwenye folda inayoitwa kopi, uandike: ls • -lt

Ya juu kabisa ndiyo ya mwisho. Niandikie tarehe yake. Kisha futa zile filamu, zote, hata ile ya Kihindi unayoirudia. Hapo sasa ruksa kusakinisha seva mpya kwa njia ya kawaida, kwenye diski ya mfumo, maana ya zamani haipo tena ya kuharibu. Hatua za kuirudishia kopi nimeziandika kwenye karatasi ya pili, na nukta zake. Nampa Mageni zote mbili asubuhi hii hii, nitamwambia ni dawa.

Na umwambie huyo Jinal nimejua.

Mama Limi


Katoro
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Mke wangu,

Zimerudi. Kadi zote. Saa sita mchana programu ilifunguka, nikamwona mgonjwa wa kwanza, yule bibi wa Lwamgasa, na jina lake halikupungua herufi. Violeth alipiga vigelegele hadi wagonjwa wakasimama. Mzee alinishika mkono akasema hajawahi kuona fundi kama mimi.

Kopi ya mwisho ni ya Alhamisi tarehe 28 Agosti, saa mbili usiku. Za siku zilizofuata tunaziingiza upya kutoka kwenye karatasi. Violeth anasoma, Jinal anachapa.

Kuhusu aliyefuta, sijui. Jinal ndiye anayegusagusa kila kitu siku hizi, bado anajifunza. Tumsamehe tu, yaishe. Sijamwambia kitu, nisije nikaleta ugomvi na Mzee.

Ahsante. Sijui ningefanyaje bila wewe.

Salmini


Ngokolo
Jumapili, 7 Septemba 2025

Baba Limi,

Nilifurahi kwa bibi wa Lwamgasa. Nilifurahi kama robo saa hivi, kisha nikaisoma ile tarehe mara ya pili.

Kopi hutumwa kila jioni, na anayetuma ni mimi, kwa kuwa ile amri nayo inaishi kwa jina langu. Alhamisi saa mbili usiku nilikuwepo, nikatuma. Ijumaa saa mbili usiku sikutuma. Kwa hiyo nilifutwa katikati ya hapo. Seva iliendelea kufanya kazi hadi Jumatatu kwa sababu ilikuwa imeshaamka, kama kuku anavyokimbia baada ya kuchinjwa. Umeme ulipokatika ikalala, ikaamka haina nyumba.

Nikachukua barua yako ya tarehe mbili. Mzee na bintiye waliondoka Alhamisi asubuhi, wakarudi Jumapili jioni. Ni mwandiko wako. "Siku nne nzima nilikuwa peke yangu na mashine." Uliniandikia hivyo ili nisimwonee wivu Jinal.

Njia ya mwongo ni fupi, Baba Limi. Hii haikufika hata Ushirombo, hapo njiani.

Wiki mbili nimemchukia mtoto wa watu. Nimeihesabu miwani yake, nywele zake, kachori zake. Nimemtukana mbele ya mama yako. Na wewe ulinisoma nikimchukia ukaona ni sawa. Uliniambia nimsamehe.

Nyumba yangu umeibomoa wewe. Sitakuuliza kama ni kweli, maana tarehe zimeshajibu. Nauliza kwa nini.

Mwahija


Katoro
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Dada Mwahija,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni Jinal, binti ya Ramniklal wa zahanati ya Katoro. Naomba radhi, kwa sababu nimesoma barua isiyo yangu. Ilikuwa imeachwa chini ya kibao cha kuchapia, ina nukta nyekundu, nikadhani ni maelekezo ya mashine. Nilipofika kwenye nyumba ya mwahija nikarudia mstari ule, nikajua aliyeandika ni wewe.

Mimi nimekutafuta tangu Julai. Nilipoanza kazi hapa nilifungua mafaili ya mashine nikakuta maelezo yako ndani yake. Kila penye hatari umeandika, "Nawa mikono kwanza." Hospitali niliyofanyia mazoezi huko ughaibuni haikuwa na mfumo nadhifu hivi. Nilimuuliza Kaka Salmini huyu mwahija ni nani. Akasema ni fundi wa zamani, alihamia Songwa kwenye mgodi wa almasi, namba yake imepotea. Nilimwambia baba tumtafute, tumpe usimamizi wa mfumo wetu hapa na wa tawi jipya la Geita. Nilisema hivyo mezani, mbele ya Kaka Salmini, siku moja kabla hatujaenda harusini.

Baba leo nimemuuliza tena. Anasema yeye anamjua Mama Limi tu, mke wa fundi, aliyekuwa akileta chakula. Hakuwahi kujua Mama Limi ana jina lingine. Ameona aibu, nami nimemwona.

Sitaki kuingia nyumba ya watu. Nauliza kazi tu: utakuja? Mtoto na bibi yake tutawapatia nafasi. Kiti ninachokalia kina mto wa kitambaa cha buluu, Violeth anasema uliushona wewe. Nitasogea.

Kwa heshima,
Jinal


Katoro
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mwahija,

Nimeanza barua hii mara nne.

Ni mimi. Ijumaa saa nane mchana, baada ya kutoka msikitini. Sikujua seva imo humo, naapa. Nilitaka jina tu liondoke.

Umeniuliza kwa nini. Nilikuwa na wivu. Si wa wanaume wengine, huo ningejua kuubeba. Nilikuonea wivu wewe. Mwaka na nusu natajwa fundi kwa kazi zako. Mzee ananisifu, nashukuru, narudi chumbani nakupigia simu unieleze kesho nifanye nini. Ukinieleza unaeleza upesi, bila kuringa, na hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Akaja huyu binti, wiki ya kwanza tu akasoma maandishi yako na uso wake ukabadilika. Mimi niko pale pale, ananiuliza mwahija ni nani. Ningesema ni mke wangu, wangeuliza basi wewe hapa unafanya nini. Ndiyo maana mwaka wa Limi ulipotimia nilisema subiri kidogo, kisha kidogo tena.

Nilipoona unamwonea wivu Jinal nilinyamaza. Nilisema moyoni, acha amtazame yule, asinitazame mimi. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko kufuta.

Nimemwambia Mzee yote leo asubuhi. Alisikiliza, akaniuliza, "Hata kuamsha mashine Jumamosi ilikuwa yeye?" Nikasema ndiyo. Amesema nitabaki kwenye vipuri na nyaya, maana hizo kweli nazijua, na nikusubiri wewe useme.

Uliniuliza kama kiti bado ni chako. Kilikuwa chako kila siku. Ndiyo sababu nilishindwa kukujibu.

Salmini


Ngokolo
Jumatano, 10 Septemba 2025

Salmini,

Barua mbili zimefika na basi moja. Nilianza na ya Jinal. Nimemjibu, nimemwomba radhi kwa mambo ambayo hajui kuwa nilimfanyia, nimemwambia asisogee sana, meza ile inatosha wawili.

Yako nimeisoma kwa sauti, mama yako akasikia. Akasema baba yako naye alikuwa hivyo, alimficha mkewe kwenye biashara ya mchele mpaka biashara ikafa. Kisha akasema nimfungie nguo zake, kliniki ya Kolandoto ni mara moja kwa mwezi, atakuwa anakuja na kurudi. Sikumwomba.

Tunafika Jumamosi. Sijakusamehe, na usije stendi na uso wa mtu aliyesamehewa. Wivu naujua, wiki mbili hizi nimelala nao na kuamka nao, siwezi kujifanya mtakatifu mbele yako. Ila mimi wangu niliuandika kwa wino nikautia jina nikakutumia. Wako ulikaa kimya ukanifuta. Hapo ndipo tulipotofautiana, na hapo ndipo tutakapoanza kuongea, tukishamlaza Limi.

Lakini sitaingia kwenye mashine ile kama mgeni, wala sitamwomba Jinal anifungulie. Kesho kabla hujagusa vipuri, kaa kwenye kiti changu uandike hii kwa mkono wako. Nukta nimeziweka.

sudo • useradd • -m • mwahija

Hiyo -m usiisahau, ndiyo inayojenga nyumba. Ukiiacha, jina litakuwepo lakini halitakuwa na pa kukaa. Neno la siri haikuombi. Hilo nitaliweka mwenyewe nikifika.

Mwahija